Leso Kati ya Mkwe na Mkwe

Koroboi ilikwisha mafuta kabla jogoo wa kwanza hajawika, Zilpah akabaki gizani na masikio yake. Mchana mtu wa baiskeli alikuwa amemletea salamu: mkwewe Nicanor angefika Suna jioni na lori, na habari za Benta angekuja nazo. Benta, binti yake wa pekee, alikuwa hospitalini Homa Bay kwa siku ya pili, uchungu wa mimba yake ya kwanza ukija na kurudi. Jioni ilikuja ikapita. Kila mlio ulimwinua Zilpah kitandani. Mara ilikuwa ngurumo ya mvua upande wa ziwa, mara ilikuwa tumbo lake mwenyewe. Kufikia alfajiri alikuwa amekwisha kumpindua Nicanor mitaroni mara saba, na mara zote saba alikuwa amemkasirikia kwa kufa na habari mdomoni.

Lori lilifika jua likiwa limetoka. Nicanor aliliegesha nje ya ua, akateremka, akasimama pale pale kwenye lango. Mkwe mwenye adabu hakaribii nyumba ya mama wa mke wake bila kukaribishwa, wala hamkodolei macho. Mama naye hamsogelei. Basi jirani yao Helen, mwanamke asiyekosa neno, akasimama katikati kama mkalimani wa kortini, ingawa wote watatu walisikilizana vizuri.

Habari zilikuwa hizi. Mtoto alikuwa amelala vibaya tumboni. Daktari angengoja hadi saa nane mchana, na kama mtoto hajageuka, Benta angepasuliwa. Benta alikuwa amekubali, lakini alitaka kwanza auone uso wa mama yake.

Zilpah alimwomba Helen aulize mwenye habari kama hizo alilala wapi. Nicanor akajibu, akitazama viatu vyake, kwamba macho yalianza kufumba alipofika Rongo, kwa hiyo aliliweka lori kando, akalala.

"Mwambie mkwe wangu," Zilpah alisema, "mke wake hajalala."

Helen hakuhitaji kumwambia.

Hadhari hiyo ndiyo iliyokuwa sifa ya Nicanor katika barabara yote ya Migori. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu Uhuru, na vijana wengi walijifunza gari kwa kumwangalia mwenzao, kisha wakaruka juu ya usukani kama wanaopanda punda. Nicanor alikwenda Kisumu kwa mwalimu mmoja mzee, aliyekuwa dereva wa jeshi. Wiki nzima ya kwanza mzee huyo hakumruhusu mwanafunzi kugusa gari. Alimtembeza kwa miguu kando ya barabara kuu, malori yakimrushia vumbi na mawe, hata ajue woga wa mtu anayepitwa. Nicanor alirudi na leseni na woga huo pamoja. Watu wa sokoni walimcheka wakasema kobe wa Lambwe humpigia honi apishwe. Zilpah alikuwa akiona haya kidogo wakisema hivyo mbele yake.

Sasa alifunga uji kwenye chupa, akachukua mkeka wake, akapanda nyuma ya lori na kujitengenezea kiota juu ya magunia matupu. Angekaa wapi pengine? Mbele palikuwa na kiti kimoja kirefu, na goti lake lingekuwa karibu na goti la mkwe.

Nicanor hakuwasha gari. Alitoa ufunguo, akautia mfukoni.

Helen alikwenda, akarudi. Dereva alisema gari lake halibebi mtu nyuma. Zilpah akajibu kwamba watu wote husafiri hivyo. Nicanor akasema ni kweli, hata Barnabas rafiki yake alibeba watu hivyo, mpaka siku mama mmoja aliporushwa nje kwenye kona ya Rangwe kama gunia la mtama. Yeye Nicanor ndiye aliyemwokota. Mama huyo sasa huuza njugu kwa mkongojo. Zilpah akasema yeye atashikilia. Nicanor akasema hata yule alishikilia.

Jua lilipanda. Majirani walikusanyika, kila mmoja na shauri lake. Mwishowe Nicanor alisahau mkalimani.

"Mama, Benta ameniomba nimletee wewe," alisema, akiwa amegeukia ua. "Mzima."

Helen ndiye aliyeukwamua mkwamo huo. Alivua leso yake ya mabegani, akaifunga ndani ya lori, kutoka juu ya kioo cha mbele hadi kwenye dirisha la nyuma, ikawa pazia. Mkwe huku, mkwe kule. Watu wakapiga makofi. Nicanor aliitazama leso muda mrefu. Alisema itamfichia kioo cha pembeni na upande wote wa kushoto, lakini wanawake walimzomea, na saa zilikuwa zinakwenda. Akakubali, na Zilpah akahamia mbele.

Walisafiri kama wezi. Kila penye njia ya kando Nicanor alisimama, akateremka, akazunguka kuchungulia kushoto, akapanda tena. Nyuma ya pazia Zilpah alihesabu miti na kumwomba Mungu ampe mkwewe haraka kidogo tu, hata ya siku moja.

Pengine Nicanor alichoka kuteremka, au aliifikiria saa nane. Karibu na Awendo hakuteremka. Zilpah aliona mkokoteni wa ng'ombe ukitoka kichochoroni upande wake, mwenye mkokoteni akiwa ameugeuzia mgongo akizungumza na mtu. Alijua wa upande wa pili haoni. Alijua pia kwamba hajawahi kumpazia sauti mkwe huyu tangu amwoe Benta. Safari hii aliipaza.

"Simama."

Breki zililia. Pembe ya ng'ombe ilibaki shibiri moja kutoka kwenye mlango wa Zilpah, na ng'ombe mwenyewe akaendelea kutafuna. Mwenye ng'ombe, mzee mmoja Mkuria aitwaye Ryoba, aliuliza kama leo wamemleta bibi harusi, maana hajapata kuona lori lenye pazia. Nicanor aliteremka, akavua kofia.

"Kosa ni langu, mzee. Nilijua sioni, na bado nilikwenda."

Zilpah aliyasikia maneno hayo. Nicanor angeweza kumlaumu Helen, au mila, au ng'ombe. Angeweza kumlaumu yeye, mama mkwe. Aliifungua leso mafundo yote mawili, akajitanda kichwani hadi shavuni, akageukia dirisha lake, kisogo kwa mkwe. Hivyo heshima ilibaki mahali pake, na macho yake yakabaki barabarani.

Nicanor alipopanda, alisita. Zilpah akaliambia dirisha, "Kushoto kuko wazi."

Ndivyo walivyokwenda, Rongo, kisha Rangwe. Kushoto kuna mbuzi. Kushoto kuna watoto wa shule, ngoja. Kushoto kuko wazi. Kwenye kona yule mama wa mkongojo aliwapungia, na Zilpah akainua mkono kabla hajajua anamwinulia nani. Ile haraka aliyoiomba hakuikumbuka tena.

Walifika saa sita na nusu. Zilpah alimshika Benta mkono, wakatazamana, ikatosha. Saa nane ilifika mtoto hajageuka, Benta akaingizwa chumba cha upasuaji, na mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi la ukumbini, yeye ncha hii, Nicanor ncha ile, katikati nafasi ya watu watatu. Alimwibia jicho. Macho ya kijana yalikuwa meupe, macho ya mtu aliyepata usingizi wake. Zilpah aliufikiria usiku ule aliomlaani kwa usingizi wake, akatamani kuurudisha aumalize vingine.

Ndani kitu kililia, chembamba na chenye hasira.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alisema ni msichana, mama yake ni mzima, baba aingie. Nicanor aliinuka, akakwama. Ili aufikie mlango ilimbidi apite mbele ya magoti ya mama mkwe.

Zilpah alivuta leso shavuni, akageukia ukuta.

"Kushoto kuko wazi, baba," alisema. "Ingia."