Nilivyopanda Meru Kulinda Kifua cha Mwanangu

Binti yangu alipochaguliwa kwenda chuo cha misitu, nilikataa kabla hajamaliza kuongea. Mtoto ana pumu tangu ananyonya, leo anataka kazi ya kuzunguka porini na kunyeshewa! Nikamwambia atakaa na mimi dukani hapa Kimandolu, auze vitenge, apumue vizuri. Hakulia wala hakununa. Alinitazama kama mteja anayepatana bei, akasema, "Mama, vijana wa usharika wetu kanisani wanapanda Mlima Meru wiki ijayo. Niache niende nao. Kifua kikinibana, nabaki dukani na sitakusumbua tena. Kisiponibana, unaniruhusu niende chuo."

Nikachungulia nje. Masika yalikuwa yameshaanza, barabara yetu imekuwa tope tupu. Nikasema, "Tumekubaliana." Nani anakataa mechi ambayo ameshaishinda? Ila nikaongeza sharti langu: na mimi naenda. Vijana walikuwa wanatafuta mama mlezi wa safari, na kina mama wenzangu walipoona mawingu, kila mmoja akapata udhuru. Nikajitolea. Mwanangu akaguna tu.

Mwalimu wa vijana, mkaka mpole anayefundisha sekondari, alituagiza tufunge nguo kwenye plastiki kabla ya kuzipanga kwenye mabegi ya mgongoni. Plastiki ipi? Mifuko ya rambo ilishapigwa marufuku. Hapo ndipo nikajifanya mjanja. Dukani nina mabunda ya mifuko mbadala, ile laini kama kitambaa ninayowafungashia wateja. Nikaigawa kwa kundi zima, bure, wakanipigia makofi ya kilo.

Mvua ilitukuta kwenye mashamba ya kahawa, hata msitu hatujaufikia. Ilimwagika kweli kweli, na maji yakapita kwenye ile mifuko yangu kana kwamba haipo. Tope la Meru nalo, jamani! Jeusi, linateleza kama mlenda. Nilipoanguka mara ya kwanza vijana walinipa pole. Mara ya pili walinipa pole huku wanaangalia pembeni. Baadaye wakaacha kujificha, wakacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Lakini masikio yangu yalikuwa nyuma. Binti yangu alikuwa wa mwisho kwenye msururu, anatembea polepole, mdomo kaufunga. Wenzake wanaimba mapambio, yeye kimya. Nikamsubiri.

"Kinabana?"

"Hapana, mama. Napumua kwa pua."

Tulipopita kona nikamuuliza tena, "Kinabana?"

"Mama, ukiendelea kuniuliza kitabana."

Hee! Nikanyamaza, lakini akikohoa mtu yeyote mimi nageuza shingo. Nilikuwa nangoja kushinda na wakati huohuo naomba nishindwe. Sijui Mungu alinielewa vipi siku ile.

Jioni tukafika kwenye nyumba ya mwisho chini ya msitu, kwa bibi mmoja wa Kimeru anayefahamiana na mwalimu. Tulipanga kulala kwenye mahema uwanjani kwake, ila alipotuona tumelowa kama vifaranga akasema hakuna mtu wa kulala nje. Kila begi lililofunguliwa lilitoa nguo za kukamua. Watu wakanigeukia mimi na mifuko yangu. Nikasema, "Si ilikuwa ya bure?" Bibi akatuingiza jikoni, mafiga matatu na magogo yanawaka, tukajibana humo ndani nguo zinafuka mvuke.

Binti yangu hakuingia. Alisimama chini ya upenu, anatetemeka, maji yanamchuruzika. Na mimi ninachokijua maisha yangu yote ni kwamba adui wa pumu ni baridi. Huku kwetu mtoto wa pumu anavalishwa sweta hata jua la Januari. Nikatoka, nikamshika mkono.

"Ingia uote moto!"

Akashika nguzo. "Mama, kuna moshi."

"Moshi gani? Utakufa na baridi hapa!"

"Mama." Hakupandisha sauti. "Baridi naiweza. Moshi ndio siuwezi. Nimekwambia tangu niko sekondari."

Mbele za watu! Nikavuta pumzi nimpe jibu lake, na moshi uliokuwa unatoka mlangoni ukaniingia wote kooni. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na lile jibu likaishia hukohuko. Yeye ndiye aliyenipigapiga mgongo.

Bibi akatoka kuona kuna nini. Binti yangu akampigia goti kidogo. "Shikamoo, bibi. Samahani, moshi unanidhuru kifua."

"Marahaba, mjukuu wangu. Basi kaa hapohapo." Akamletea koti zito la marehemu mumewe, shuka la Kimasai, na bakuli la loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando. Hakumuuliza swali hata moja. Kwa kweli nilimwonea wivu yule bibi.

Asubuhi magoti yangu yalikuwa yamevimba. Vijana walikuwa wanapanda hadi kwenye maporomoko ya maji ndani ya msitu, warudi mchana. Binti yangu akasema, "Mama, baki upumzike." Nikamtazama mwalimu anitetee. Mwalimu akainama kufunga kamba za viatu. Nikabaki, na hasira yangu nikabaki nayo.

Sijawahi kuona asubuhi ndefu namna ile. Nilimenya ndizi za bibi mpaka akaninyang'anya kisu. Mvua iliporudi nikamwambia nawafuata. Akaniuliza nitawafuata kwa magoti ya nani.

Wakatokea mchana, wamelowa, wanaimba, na yeye yumo katikati anaimba kwa sauti. Moyo ukashuka mahali pake. Nikasema moyoni, haya, nimeshindwa, aende. Lakini alikuja moja kwa moja, akanivuta pembeni kwenye migomba.

"Mama, kilinibana."

Nikamsogezea sikio kifuani.

"Kule juu, kabla ya maporomoko. Nimewaomba wenzangu wasikwambie, nikwambie mwenyewe. Tulikubaliana, kwa hiyo nitabaki dukani." Midomo ilikuwa inamcheza.

Nilikuwa nimeshinda. Nilichokitaka tangu Kimandolu kilikuwa mkononi mwangu, tena amekileta mwenyewe.

"Kilipobana ukafanyaje?"

"Nikakaa chini. Nikavuta dawa, nikasubiri, nikavuta tena. Kikaachia."

"Halafu?"

"Nikaendelea mpaka kwenye maporomoko."

"Nani alikushika?"

"Hakuna, mama. Nilikuwa najua cha kufanya."

Tangu nimzae, kifua kile hakijawahi kubana nisiwepo. Nimekisikia kikipiga mluzi chumba cha pili nikaruka kitandani kabla yeye hajaamka. Nimembeba mgongoni mpaka hospitali, khanga imelowa jasho lake na langu. Na niliamini, wala sioni aibu kusema, kwamba mimi ndiye ninayempa pumzi. Sasa kimebana, mimi niko huku chini namenya ndizi za watu, na mwanangu amesimama mbele yangu mzima, ana tope mpaka kwenye kope.

Nililia. Furaha ilikuwemo na uchungu ulikuwemo, nisidanganye. Akadhani nimekasirika, akaanza, "Pole, mama, najua nilikuahidi..."

"Chuo kinafungua lini?"

Akanikodolea macho. "Mama, nimekwambia kilinibana."

"Nimesikia. Nimekuuliza, chuo kinafungua lini?"