Mama na Mashine ya Sukari

Mama alipata ugonjwa wa sukari kabla sijamaliza shule, na kwa miaka mingi alijipima kwa mwili wake mwenyewe. Kinywa kikikauka na macho yakianza kuona ukungu, alijua imepanda. Magoti yakilegea na jasho jembamba likimtoka juu ya mdomo, alijua imeshuka, akaketi popote palipo karibu na kulamba glukosi aliyoifunga kwenye kona ya leso. Hakuwa akikosea sana. Nasema hivyo leo. Wakati ule nilimwona mshamba.

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi upande wa Ngoingwa, Thika. Yeye alikaa Mwiki, Ruiru, akiuza mananasi ya kukatwa kwenye soko dogo karibu na nyumbani. Katikati ya miaka ya tisini shangazi yangu aliyekuwa ng'ambo alitutumia mashine ya kupima sukari. Unatoboa kidole, unaweka tone la damu kwenye kijikaratasi, unangoja, kisha kioo kinaandika namba. Niliipenda kuliko mama alivyoipenda. Kila Jumamosi nilienda Mwiki na daftari, nikampima, nikaandika. Majirani walikuja kutazama, nami nikawaeleza kwa sauti ya darasani. Nilijidai, kusema kweli.

Kuna desturi ambayo lazima niieleze hapa. Kwetu Wakikuyu, binti wa pili hupewa jina la mama wa mamake. Mimi ni wa pili. Kwa hiyo mama hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita maitu, yaani mama yangu, na hakuwa akitania. Alinituma dukani kwa adabu. Utotoni alinichapa mara moja tu, kisha akaja kuniomba msamaha. Nilikua nimezoea kutiiwa na mtu ambaye nilipaswa kumtii mimi, na sikuona ubaya wowote.

Jumamosi moja ya kiangazi, mifereji ikiwa imekauka wiki nzima, nilifika saa saba mchana nikamkuta ndiyo kwanza ameingia kutoka sokoni. Alikuwa amemenya mananasi tangu asubuhi na hakuwa amekula. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni akasema hajisikii vizuri. Nikatoa mashine. Karatasi ya maelezo ilisema mgonjwa anawe mikono kwa maji na sabuni kwanza. Niliisoma, nikaielewa, ningeweza hata kuitungia mtihani. Lakini maji yaliyokuwapo yalikuwa ya kupikia, nusu jerikeni, na mimi nilikuwa na pamba na spiriti, vitu ambavyo vilinifanya nijione daktari. Nikampangusa kidole kwa spiriti, nikatoboa.

Ishirini na mbili.

Nilishtuka, maana ya kawaida haifiki hata kumi, kisha nikakasirika. Nilimuuliza amekula nini. Akasema chai bila sukari, asubuhi. Nikamwambia mtu mwenye ishirini na mbili hajanywa chai bila sukari, na kwamba nawajua wauza matunda wanavyoonja mali yao. Alinitazama kama mtoto aliyesingiziwa.

"Maitu, mimi nasikia iko chini," akasema. "Hata magoti yanatetemeka."

"Mashine imesema iko juu, mum. Mashine haina haja ya kudanganya."

Akauliza kama tunaweza kungoja anywe uji kwanza. Nikamwambia uji ndio utakaommaliza.

"Haya," akasema. "Kama umeona hivyo."

Akainua blauzi mwenyewe. Nikamdunga insulini yake, ile dawa ya kushusha sukari haraka, tena zaidi ya kipimo chake cha kila siku.

Haikupita nusu saa. Alianza kuongea maneno yasiyoshikana, akiniuliza kama ng'ombe wamefungwa, na hatujawahi kufuga ng'ombe Mwiki. Kisha akateleza kutoka kitini. Na hapa ndipo ninapoona aibu kuliko mahali pengine popote: nilijaribu kumpima tena. Mama yangu yuko sakafuni, mimi natafuta kidole. Jirani yetu, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa na duka la nguo, ndiye aliyenisukuma kando. Alilowanisha sukari, akampaka ndani ya mashavu, huku akimwita mumewe alete pikapu.

Hospitalini walimtundikia dripu ya glukosi. Muuguzi mmoja, wa rika la mama, alikuwa amepima damu aliyoitoa kwenye mshipa wa mkono na kukuta sukari karibu haipo. Nilimwonyesha mashine yangu, nikasema labda imeharibika. Hakuiangalia. Alishika mkono wa mama, akapitisha kidole gumba juu ya vidole vyake. Vilikuwa vinanata. Akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Nilipomjibu, aliniambia kwa upole ambao sikuustahili:

"Ulipima nanasi, mwalimu."

Alinieleza kwamba spiriti inaua viini lakini sukari ya tunda inabaki pale pale kwenye ngozi. Mashine haikuwa na kosa. Ilisoma ilichopewa.

Mama aliamka jioni ile, na baada ya siku chache alirudi nyumbani. Nilitaka anilaumu. Nilikuwa tayari kulia na kuomba msamaha. Lakini kila mgeni aliyekuja kumwona, yeye alisema ni makosa yake mwenyewe, alisahau kunawa. Nami nilikuwa nimekaa hapo hapo, nikimimina chai, nikimwacha aseme. Najuta kumdunga ile sindano. Kule kunyamaza najuta zaidi, kwa sababu sindano niliidunga bila kujua.

Siku hizi ugonjwa umenifikia na mimi. Nina kidude kimebandikwa nyuma ya mkono, kinatuma namba kwenye simu. Nikikilalia kinadai sukari imeshuka wakati haijashuka, na nikila kinachelewa kujua. Binti yangu akinisomea namba, namwambia angoje nijisikilize kwanza. Hunicheka.

Mama aliishi miaka minne baada ya mkasa ule. Niliendelea kwenda kila Jumamosi, nimebeba sabuni na chupa ya maji yangu mwenyewe, na nilikuwa nimejifunza kuuliza kabla ya kutoboa. Jumamosi ya kwanza niliiacha mashine mkobani, nikaketi karibu naye, nikamuuliza anasikiaje mwilini. Zamani angenieleza habari za kinywa, za macho, za magoti, mpaka nichoke. Safari hii alinyoosha kidole tu, alikuwa ameshakiosha.

"Sijui," akasema. "Angalia wewe, uniambie."

Nilimuuliza vivyo hivyo kwa miaka minne, naye akanijibu vivyo hivyo.