Kompyuta Iliyotunzwa Juu ya Jiko

Klara wa steshenari hapa Itigi hataki kuharakishwa. Mimi ninayeshona nguo mlango wa pili nimefokewa vya kutosha kulijua hilo. Mteja akimwambia afanye fasta, anaacha kazi na kumimina chai. Baba yake alikuwa mfuga nyuki Rungwa. Kompyuta alijifunzia Kilimatinde, enzi zile kompyuta ni moja tu, inafunikwa kitambaa cha kudarizi na huigusi bila kunawa mikono. Siku hizi anatoa kopi, anaingiza nyimbo kwenye simu, na anafufua mashine ambazo mafundi wengine wamezikatia tamaa.

Siku hiyo mama mmoja aitwaye Dorkas alikuja na binti yake, Magdalena, wamebeba kompyuta ya zamani nyeusi tii. Nilidhani imeungua. Kumbe mama wa watu aliiweka darini, juu ya jiko la kuni, palepale anapotunza mbegu za mtama ili moshi uzikinge zisibunguliwe. Alisema chini ingeliwa na mchwa.

"Shikamoo, mama. Umeikausha kama nyama!" Klara alisema.

"Marahaba, mwanangu. Ni ya marehemu. Ina nyimbo za kwaya yetu."

Marehemu ni mumewe, Gabrieli, mwalimu wa kwaya. Alifariki Magdalena akiwa bado tumboni, na hakuacha kaseti wala video. Binti amekua mpaka kuwa mtu mzima bila kuisikia sauti ya baba yake. Hilo ndilo lililowaleta, nami nikaacha kola ya mtu nusu, nikaja kusimama mlangoni.

Klara alichomoa diski, akaisafisha masizi kwa brashi, akaiunganisha na laptop yake. Kisha akaitegea sikio, kama baba yake alivyotegea mzinga. Ilizunguka. Halafu ikaanza kugonga.

"Inakufa," akasema. "Tutapata tutakachowahi."

Magdalena alitazama kioo. "Yaani nafasi ya diski nzima hii ni ndogo kuliko ya kadi ya simu yangu?"

"Na simu yako ina nguvu kuliko ile mashine tuliyojifunzia. Kompyuta za kwanza kabisa zilijaza chumba kizima, na hazikuifikia hiyo simu yako hata kidogo. Baba yako alikuwa na nafasi finyu, ikabidi abane."

Nyimbo chache zikahamia kwenye laptop. Klara akafungua mmoja. Kwaya ikaanza mara moja, kwa nguvu. Akafungua mwingine, ikawa vilevile.

"Baba yuko wapi?" Magdalena aliuliza.

"Alikuwa haimbi," mama Dorkas akajibu. "Anatupa noti za sauti mwanzoni, basi."

"Mwanzo ameukata," Klara akasema polepole. "Ili kuokoa nafasi."

Mama Dorkas akakaa chini sakafuni. Mimi nilimkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Kubana gani huko, mtu unajifuta mwenyewe!

Diski iligonga tena, kwa nguvu zaidi. Klara akashusha orodha hadi chini, akasimama kwenye faili la mwisho. Lilikuwa kubwa kuliko mengine yote.

"Huu hakuwahi kuukata. Lakini ni mzito. Tukiuchukua, hizi nyingine huenda tusizipate. Nifanyeje?"

Kwaya nzima ilikuwa inazisubiri nyimbo hizo. Mama Dorkas alimtazama binti yake.

"Chukua huo."

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukafika katikati, ukaganda. "Asiguse mtu meza!" Klara alifoka, na mimi hata kumeza mate niliogopa. Ukasogea. Ukaganda tena. Ukasogea, ukafika mwisho, na diski ikatoa mlio mkali na kunyamaza. Klara alijaribu kuiwasha tena. Haikuzunguka.

Akaufungua wimbo. Tulisikia mabenchi yakiburutwa, mtu akikohoa, kisha sauti ya mwanaume, nzito, yenye utani:

"Do, mi, so. Sauti ya pili, msilale! Dorkas, acha kucheka, na huyo wa tumboni atacheka. Haya, nyamazeni wote wawili, tuanze."

Mama Dorkas alilia kwa sauti. Magdalena alisogea hadi kwenye spika, akapiga goti.

"Shikamoo, baba," akasema.