Kikombe cha Mama Wesley

Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia kuku, Kasyoki husuuza kikombe chekundu cha bati, hukipangusa kwa pindo la leso, kisha hukifunga kiunoni kwa leso hiyo hiyo. Jembe likiwa begani, huteremka kilima cha Kalama kwenda kulima na kina mama wenzake kwenye mwethya. Kikombe hugonga mpini wa jembe kila anapoinama kupita chini ya matawi, na rafiki yake Ndila humjua kwa mlio huo kabla hajamwona. Mlio huo umemnyima Ndila raha muda mrefu sasa.

Wawili hao waliletwa kijijini wakiwa maharusi msimu mmoja. Kasyoki alifiwa na mume mapema, akabaki na mwana mmoja, Wesley, aliyemsomesha kwa ndengu na mbaazi hadi akawa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kinanie. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sifa yake ilikuwa mitaro. Akichimba mtaro kwenye mteremko, mvua ikija maji hulala pale pale alipoyaelekeza. Wenzake walimtania kwamba hata mto ukitaka kupita kwake, sharti ubishe hodi.

Mwethya ni kazi ya zamu. Leo kina mama huchimba kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba huwapikia isyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pamoja na sufuria ya uji. Uji hunywewa kwa kata moja ya kibuyu inayotoka mkono hadi mkono. Anayepokea hafuti ukingo wa kata. Kuufuta ni kumwambia mwenzako kuwa ana uchafu.

Uvimbe wa kwanza ulitokea chini ya sikio la Kasyoki, mdogo kama punje ya mbaazi. Wakasema ni mtoki tu, wakaukanda kwa majani ya mbono yaliyopashwa moto. Ukakua. Mwingine ukatokea kwapani, kisha zikaja homa za jioni, jasho la kulowesha shuka, na mwili kukonda hadi blauzi zikamkaa kama za kuazima. Zahanati ilikisia TB ya tezi na kumwanzishia dawa. Neno TB likafika kijijini kabla Kasyoki mwenyewe hajafika.

Ndila, Mama Kilonzo kwa wenzake, ndiye mwenyekiti wa mwethya, na nyumbani alikuwa na mjukuu mchanga. Kumwambia rafiki yake asije, hakuweza. Kumwachia kata, hakuweza pia. Basi akaenda soko la Marikiti mjini Machakos, akachagua kikombe chekundu cha bati, kizuri kuliko vyote, akamkabidhi mbele ya watu.

"Mama Wesley, hii ni zawadi yako. Mgonjwa anafaa kunywa na kitu safi."

Kasyoki alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mmoja akasema Mama Wesley sasa amekuwa mzungu, ana kikombe chake. Wakacheka wote, Kasyoki naye akacheka. Tangu siku hiyo kata ikawa inamruka, na Ndila akajisifu moyoni kwamba amelimaliza jambo zito bila kumuumiza mtu.

Dawa ziliisha, uvimbe ukabaki pale pale. Siku Kasyoki alipoanguka mtaroni, Wesley alikuja akampeleka hospitali kubwa Nairobi. Huko walitoa tezi moja nzima, wakaipeleka kuchunguzwa. Majibu yalipotoka, haikuwa TB wala kansa. Ulikuwa ugonjwa wa Castleman, ugonjwa adimu hivi kwamba Wesley aliuliza jina mara mbili.

Kasyoki aliporudi, Ndila alimwendea na kikapu cha mbaazi. Alimkuta kibarazani akipukuchua mahindi, mkono umefungwa bandeji pale sindano ya dripu ilipoingia. Kasyoki alimweleza ugonjwa kwa namna yake.

"Hizi tezi ni kama watu wa mwethya, Mama Kilonzo. Kukiwa na kazi mwilini, zinaitana. Sasa zangu zinaitana na hakuna kazi. Watu wanajaa kwa shamba, wanakula chakula yote, wanakanyaga mimea, na hakuna wa kuwaambia warudi nyumbani."

Dripu ndizo zilikuwa zikiwarudisha, polepole, na ilibidi aendelee nazo. Kisha, macho yakiwa kwenye mahindi, akaongeza kwamba daktari amesema ugonjwa huu hauambukizi. Hata ile TB ya tezi, ingekuwa yenyewe, haingepita kwa kata.

Ndila alikuwa ametoka nyumbani na maneno ya kuomba msamaha, ameyapanga njia nzima. Akaishia kuuliza mbaazi azimwage wapi.

Kasyoki alipopata nguvu alirejea mwethya. Ndila alisimama akawatangazia wote kwamba Mama Wesley hana cha kumwambukiza mtu. Alisema kila kitu isipokuwa habari ya kikombe. Uji ulipokuja, yeye mwenyewe alimpa Kasyoki kata. Kasyoki akaipokea kwa heshima, akamimina uji kwenye kikombe chekundu, akaipitisha kata kwa jirani. Akafanya hivyo siku iliyofuata, na kila siku baada ya hapo. Ndila alijaribu kuamini kwamba anakipenda tu. Wakati mwingine aliamini kabisa, mpaka asikie kile kikombe kikigonga mpini.

Zamu ilipofika shambani kwa Ndila, alipika uji mzito, akautia maziwa. Wengine walikaa kivulini wakichokozana. Kasyoki alikuwa ameketi peke yake kwenye ukingo wa mtaro aliotoka kuuchimba, anafungua fundo la leso. Ndila alimfuata na kata imejaa hata uji ukammwagikia vidoleni. Akaketi karibu naye. Alitazama udongo mwekundu uliopangwa sawasawa, kazi ya mtu asiyebahatisha.

"Mama Wesley," akasema, "mbona bado unatembea na hii kikombe?"

Kasyoki alikipangusa kwa pindo la leso, kama afanyavyo kila asubuhi, akakiweka chini katikati yao.

"Wewe ndiwe ulinipa," akasema. "Nimekuwa nikingoja ukichukue."