Nilivyokataa Dhahabu kwa Ajili ya Kitabu

Mwaka ule nilikuwa nimesoma riwaya tatu za Kiingereza za karne ya kumi na nane, zilizofasiriwa kwa Kiarabu, nilizozikuta Nizwa, hapa Omani, kwa muuza vitabu vikuukuu. Shule niliishia sekondari na ukurasa mmoja hunichukua muda, lakini nilizipenda. Mabinti wa riwaya zile walifanana kama ndugu. Mmoja alilia siku nzima kwa utepe wa kofia. Mwengine alimkubali mwanamume baada ya kuliona gari lake la farasi, na kabla ya kukubali aliwahesabu farasi.

Kila Jumatano mimi na bibi yangu huuza vitambaa katika soko la wanawake la Ibra, ambako wanaume hawaingii. Wateja wakipungua nilimsimulia riwaya zangu kwa Kiswahili, maana Kiarabu cha vitabuni humchosha. Yeye kazaliwa Unguja. Mimi niliwacheka mabinti wale. Bibi hakucheka. Aliuliza tu kama yule wa farasi alikuwa na nyumba au shamba lake mwenyewe. Nikamwambia hana, vyote vya babake vitakwenda kwa binamu wa kiume.

"Haya, endelea," akasema.

Ndipo nikaposwa, na kijana wa Wadi Bani Khalid niliyekuwa nikimwota kitambo. Mama yake, naye mtu wa Unguja, alikuja na binti zake wawili kupanga vitu vya harusi. Kwetu vitu hivyo hufunguliwa mbele ya wanawake wote: nguo, manukato na dhahabu. Akaniuliza napenda seti ya namna gani. Nami, nikiwafikiria mabinti wangu wa riwaya, nikajibu kwamba sitaki dhahabu yoyote, mwanawe ananitosha.

Nilidhani nimesema neno zuri. Mama yule akakitua kikombe cha kahawa.

"Kwani mmesikia hatuna?" akauliza polepole.

Binti yake mkubwa akaanza kuivuta abaya yake mabegani. Hapo nikaelewa kwamba nimewaita maskini ndani ya nyumba yetu, na kwamba wakitoka vile hawatarudi.

Bibi akaisogeza sahani ya halwa. "Msimsikilize, mama. Huyu siku hizi analishwa maneno na vitabu. Anataka bangili sita, tena nzito."

Binti mdogo akacheka kwanza. Mama yake akakichukua tena kikombe, akasema sita ni za kumvisha mtoto. Kwake watu huvaa nane. Abaya ikarudi mahali pake.

Walipoondoka, bibi hakunigombeza. Aliniambia, huku akikusanya vikombe, kwamba wakati wa mapinduzi alitoka Unguja na bangili zimeshonwa kwenye pindo la gauni, na kwamba chumba tulichokaa kilijengwa kwa bangili hizo.

"Yule binti wako wa farasi si mpumbavu, mwanangu. Hakuwa na cha kushona kwenye pindo, basi."

Bangili zilikuja nane. Nilizivaa sokoni Jumatano moja, zikawa zinagonga meza kila nikifungua kitambaa. Bibi akaniomba nianze upya hadithi ya yule wa farasi, na mara hii alitaka kujua farasi walikuwa wangapi.

Wanne, nikamwambia.

Akasema binti yule alifanya vyema kuwahesabu.