Alama za Chaki Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini Foreman wa karakana hakunisalimia. Alinitazama mikono, akatazama viatu vyangu vya kanisani, akauliza, "Wewe msichana, umekuja kazi ya stima ya gari ama umetumwa chai?" Nikamjibu kwamba nimekuja kazi, na chai nitakunywa akinipa. Mafundi wakacheka, yeye hakucheka. Alinikabidhi taa ya kupimia, kile kibalbu chenye waya mbili kinachomwambia fundi kama umeme umefika, akaniambia nitafute kwa nini trekta lililokuwa pale haliwashi taa ya kushoto. Kabla ya saa nne nilikuwa nimepata: waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeliwa na kutu. Nilipomwonyesha alisema neno moja tu: "Kesho."

Hivyo ndivyo mimi, Consolata Adhiambo, binti ya mchuma majani aliyetoka upande wa ziwa, nilivyoingia karakana ya shamba moja la chai kule upande wa Boito. Nilikaa humo miaka ishirini na minane. Nilianzia kwenye trekta, nikapelekwa nyumba ya jenereta, nikarudishwa kwenye pikapu za wakubwa, na mwisho nikapewa lori za kubeba majani mabichi. Kufikia hapo nilikuwa mjane mwenye watoto watatu, na kila mtu aliniita Mama Oti.

Siku hizi nikishuka Silibwet naona vijana wamefunga mataa mbele ya gari kama watu wa harusi. Ukikutana nao unabaki umesimama kando ya barabara ukipapasa. Ukimwuliza aliyefunga, atakwambia, "Si inawaka, mathe?" Kuwaka! Hata kiberiti huwaka.

Taa ya ziada ni kazi ya heshima. Kwanza braketi, kile chuma kinachoshika taa, kifungwe pahali pasipotetemeka. Kisha umeme. Usithubutu kuutoa kwenye waya wa taa kubwa za gari, utaunguza kila kitu. Unautoa kwenye betri, unaupitisha kwenye fyuzi ili hitilafu ikitokea ikatike fyuzi na si gari liungue, halafu kwenye relei. Relei ni swichi inayobeba mzigo: kile kidude cha dashibodi anachobonyeza dereva kinaamrisha tu, relei ndiyo inayofanya kazi. Mwisho unaelekeza mwanga. Unasimamisha gari hatua nane kutoka ukutani, unachora kwa chaki urefu wa taa, na kitovu cha mwanga unakikalisha vidole vinne chini ya alama hiyo. Foreman alinifundisha hayo, naye alifundishwa na aliyemtangulia. Hakuna aliyetuambia kuna jambo limekosekana.

Mwaka niliopewa lori hizo ukungu ulikuwa mbaya. Saa kumi alasiri hukuuona mkono wako, na majani yakikaa sana ndani ya gunia yanapata joto na kuharibika. Meneja wa Usafiri akaja karakana mwenyewe. "By Saturday nataka lori zote tano ziwe na taa za mbele za ziada. Majani haingoji ukungu."

Nilifunga tano zote. Nilizielekeza moja baada ya nyingine kwenye ukuta ule ule, na Jumamosi jioni nilienda nyumbani nikijisifu kimoyomoyo.

Jumatatu alasiri lori la Mzee Langat lilitoka barabarani likielekea kiwandani. Mzee Langat alikuwa dereva wetu wa siku nyingi, mzee wa kanisa, mtu asiyewahi kulipasua hata kioo lori lake. Magurudumu ya nyuma yaliingia mtaroni, lori likalalia michai. Mpakiaji mmoja alirushwa kutoka juu ya magunia akavunjika mfupa wa bega. Mbele ya lori hapakuwa hata na mkwaruzo.

"Niliwasha zile taa mpya," Mzee Langat alisema, "nikaona ukuta mweupe. Barabara ikapotea."

Hakuna aliyemwamini. Watu walisema alisinzia, wengine wakasema alikunywa, yeye ambaye hata busaa ya harusi hakuwahi kuionja. Jumanne trekta lilivuta lori mpaka karakana nikaambiwa nipime zile taa. Nililisimamisha hatua nane, nikawasha. Mwanga ulikaa vidole vinne chini ya alama yangu kama uliogundishwa. Niliandika karatasi kwamba taa ziko sawa, nikatia sahihi, Foreman naye akatia yake. Sikusema uongo, nilichokiona ndicho nilichoandika. Mzee Langat akasimamishwa kazi, na shauri lake likapangwa Ijumaa. Akipatikana na kosa angefutwa kazi miezi minane kabla ya kustaafu, na kurudi kwao akiitwa mlevi.

Jumatano jioni nilikuwa nikitembea kwenda nyumbani. Karibu na banda la kupimia majani lori jingine lilitoka likiwa limejaa, na dereva akawasha taa zangu. Mwanga haukuanguka barabarani. Ulipita juu ya kichwa changu, ukagonga ukungu, ukaning'inia pale mweupe kama shuka. Nilitazama magurudumu ya nyuma. Springi zilikuwa zimelala chini kwa uzito, na pua ya lori imeinuka kama ng'ombe anayenusa mvua.

Nilipima lori likiwa tupu. Zote tano nilizipima zikiwa tupu, na hakuna lori linaloleta majani kiwandani likiwa tupu.

Nilirudi mpaka uwanja wa kuegesha, nikasubiri lori zile nne ziingie moja moja, nikatoa fyuzi za taa mpya. Niliwaambia madereva kwamba zile fyuzi ni mbovu, watumie taa za kawaida, ambazo ni hafifu, hazina nguvu ya kujenga ukuta kwenye ukungu. Fyuzi nne nikatia mfukoni mwa ovaroli. Madereva hao niliwaokoa. Mzee Langat sikumwokoa.

Alhamisi asubuhi nilimwambia Foreman. Alifunga mlango wa stoo.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi tuko wawili. Wacha tubaki wawili. Hiyo karatasi iko na sahihi yako na yangu. Wewe uko na watoto kwa nyumba ya kampuni, Mama Oti. Utawapeleka wapi?"

Nilijua pia watakavyosema wengine, kwamba mtu wa kuja, wa kutoka ziwani, ndiye aliyetaka kummaliza mtu wa hapa.

Saa sita Mzee Langat mwenyewe alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama Oti, mimi sijui mambo ya stima. Wewe ndio unajua hizi taa. Niambie tu, mimi ni mwongo?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya fyuzi. Nikamwambia, "Sijui, Mzee."

Aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Nimefanya makosa mengi kazini, lakini hilo ndilo ninaloliona aibu mpaka leo.

Ijumaa tuliingia ofisini. Meneja wa Usafiri alisoma karatasi yangu kwa sauti, akaniuliza kama sahihi ni yangu. Badala ya kujibu nilitoa fyuzi nne nikazipanga juu ya meza.

"Hizi ni nini?"

"Ni fyuzi za zile lori zingine. Nilizitoa. Mzee Langat hakudanganya."

"Si umeandika hapa taa ziko sawa?"

"Ziko sawa lori ikiwa tupu. Ikijaa inakaa nyuma, taa inaangalia juu. Mimi ndio nilikosea."

Foreman alikuwa akitazama dirisha. Meneja akasimama. "Twende tuone. Na hiyo taa isiposonga, mama, mtaenda nyumbani wote wawili, wewe na Mzee."

Tulifunga milango ya karakana ili kuwe na giza. Lori la Mzee Langat likasimamishwa hatua nane, mwanga ukakaa vidole vinne chini ya chaki. Wapakiaji wakaanza kupanga magunia ya majani, na kama kawaida yao walianzia mbele, nyuma ya kichwa cha lori. Gunia la kumi, la ishirini, mwanga haukusonga. Meneja alitazama saa. Foreman akanong'ona, "Umejimaliza." Mimi nilikuwa nikiomba kwa Kijaluo, maana mambo yakizidi mtu hurudi kwa lugha ya mamake.

Walipofika nusu, springi ya nyuma ililia. Mwanga ulipanda kidole kimoja. Magunia yakazidi, ukapanda vidole vinne, ukavuka chaki, ukaendelea. Walipomaliza ulikuwa shibiri nzima juu ya chaki. Meneja alichukua chaki mwenyewe akachora mstari pale mwanga ulipofika.

Mzee Langat alirudishwa kazini siku hiyo. Mimi nilipewa barua ya onyo na kurudishwa nyumba ya jenereta mwaka mzima. Nyumba sikunyang'anywa. Foreman hakuzungumza nami miezi mitatu, lakini tangu hapo hakukubali taa ya lori ielekezwe bila magunia juu. Alama mbili zile tulizipaka rangi ili zisifutike, na nilipostaafu zilikuwa bado pale.

Basi nyinyi mnaofunga taa, kabla hamjachora chaki, ulizeni gari litabeba nini. Nawaambia vijana hivyo kila wanaponisikiliza, na ni ushauri mzuri, lakini si hilo pekee nililojifunza.

Siku ya kuniaga, Mzee Langat alitoka kwake Merigi akaja, amezeeka, na fimbo mkononi. Alikula, akasikiliza hotuba, kisha akanivuta kando.

"Wale madereva waliniambia fyuzi zilitolewa Jumatano," alisema. "Mimi nilikuja kwako Alhamisi."

Miaka yote hiyo alikuwa anajua.

Akanipa mkono, akaushika sana. "Kongoi, asante kwa ile Ijumaa, Mama Oti. Ya Alhamisi wacha tumwachie Mungu."