Sikulia Msiba wa Mume Wangu, Sasa Wanataka Kubaki na Mtoto

Admin naomba jina langu lisionekane, maana mawifi zangu wote wako humu na ndio wa kwanza kukomenti.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Bweri, Musoma, nafundisha kwaya kanisani. Nina mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la sita. Mume wangu alifariki wiki tano zilizopita kwa figo, nikiwa nimemuuguza mwaka mzima. Tulimzika kwao, kijiji cha upande wa Kisorya.

Kosa langu ni kwamba sikupiga yowe. Nilivaa gauni la njano alilonichagulia mwenyewe akiwa kitandani, nikasimama kaburini nikaimba sauti ya kwanza mpaka mwisho. Machozi yangu niliyamaliza nikimgeuza ubavu huu na ule. Siku ile niliumia sana, lakini nilikuwa na amani, maana naamini nitamwona tena. Sikujua hilo ni kosa kwa watu wanaojiita Wakristo.

Kwetu huku mwanamke akienda msibani anaanza kulia akikaribia boma. Wifi yangu mkubwa, kiongozi wa akina mama kanisani kwao, alishuka kwenye bodaboda, akamaliza kutafuna andazi, akakaza kanga vizuri, ndipo akaanza, "Yoo kaka yangu, umeniacha na nani." Akajigaragaza chini. Muda si muda yuko jikoni anauliza kwa nini nyama ni kidogo. Huyo kaka yake aliugua mwaka mzima na hakuwahi kumletea hata uji. Halafu Jumapili wanaimbaga habari za mbinguni mpaka mishipa ya shingo inasimama, ila mtu akienda huko wanalia utafikiri kafungwa maisha. Nawadharau na sifichi.

Basi maneno yakaanza. Eti nilifurahi. Eti gauni la njano nilikuwa natafuta mwanaume. Hata mwinjilisti wao, ambaye nilipoimba aliitikia, sasa ananiambia, "Dada, ungelia hata kidogo, tusiwakwaze watu." Mtu mzima, mtumishi wa Mungu, anaogopa mawifi.

Jumamosi hii ukoo unakutana kumaliza matanga. Shemeji yangu kanipigia simu. "Shemeji, uje na nguo nyeusi, ulie kuanzia barabarani mpaka kaburini, watu wasikie. Usipolia, mtoto anabaki kwa shangazi yake. Hatuachi damu yetu kwa mtu aliyefurahia kifo." Shangazi mwenyewe ndiye huyo wa andazi. Najua mtasema niende ustawi wa jamii. Nitaenda, hao ndugu wa mume wala siwaogopi.

Kinachoniua ni mtoto. Baada ya mazishi alikaa kwa huyo shangazi wiki mbili, akarudi hanitazami usoni. Juzi tunachambua dagaa akaniuliza, "Mama, baba ulikuwa unampenda?" Nikamwambia nilimpenda sana. Akaendelea kuchambua. Halafu akasema, "Basi Jumamosi lia tu, hata kwa uongo, ili waniache nirudi na wewe."

Mtoto huyu nimewahi kumchapa kwa kusema uongo. Mimi na baba yake tulimwambia kila jioni kwamba kufa sio mwisho, na alikuwa anaamini. Nikilia kilio cha kuigiza, atajua yale yote yalikuwa maneno tu, na mimi nitakuwa sina tofauti na shangazi yake. Nikiimba, ataamini kweli sikumpenda baba yake, na huenda nikarudi Bweri peke yangu.

Wa kunitukana nitukaneni, nimezoea. Wenye akili nisaidieni mawazo, ila msiniambie niombe, naomba kila siku. Jumamosi mwanangu atakuwa kanishika mkono, ananitazama mdomo. Nikiufungua, nitoe nini?